Albamu za jazi zinazofaa nyumba ya Bungoma, na santuri zisizopaswa kupotea

WAZEE na vijana wa Bungoma hulitamka neno moja, jazi, lakini mara nyingi hawazungumzii muziki mmoja.

Kwa waliokulia kando ya reli inayopita Webuye, Bungoma na Malaba, jazi ni bendi. Ni magitaa mawili au matatu yanayojibizana, besi inayotembea chini yake, na waimbaji wanaosimulia mapenzi, misiba na vituko vya kijiji. Shirati Jazz, Victoria Jazz, Morogoro Jazz na OK Jazz ni majina yaliyochapwa kwenye santuri ndogo, na wachezaji dansi hawakujali kama muziki huo ulifanana na ule wa Wamarekani.

Kwa vijana waliolipata neno hilo kupitia simu, au kupitia matamasha kama lile la Safaricom lililoanza Nairobi mwaka 2014, jazi ni muziki wa Marekani. Ni saksafoni, tarumbeta na piano, watu wameketi kimya wakisikiliza mpigaji mmoja akibuni sauti papo hapo.

Anayetaka kujenga mkusanyiko wa jazi nyumbani kwake, iwe Kanduyi, Chwele, Kimilili au ng'ambo ya Nzoia mjini Kitale, hutafuta orodha ya albamu muhimu na karibu kila mara huangukia orodha ya New York. Orodha hizo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba zinaiacha nje nusu ya jazi ambayo nyumba hiyo tayari inaijua, nayo ndiyo nusu iliyo katika hatari kubwa zaidi ya kupotea.

Mkusanyiko wenye manufaa ni ule unaoziweka jazi zote mbili kwenye rafu moja. Sikio lililozoea gitaa la Shirati litaifahamu tarumbeta ya Miles Davis upesi kuliko linavyodhani, na sikio lililomfahamu Miles Davis litamrudia Shirati likiwa na heshima mpya.

Jina lilivyofika Afrika Mashariki

Jazi ilichipuka miongoni mwa watu weusi wa mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Santuri za kwanza za muziki huo zilirekodiwa mwaka 1917. Kutoka hapo neno likasafiri kwa meli pamoja na santuri zenyewe, na kila lilipotua lilimaanisha kitu kimoja: muziki wa kisasa, wa vyombo vipya, wa watu wa mjini.

Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Mjini Leopoldville, ambao leo ni Kinshasa, Joseph Kabasele aliiunda African Jazz mwaka 1953. Mwaka 1956 Franco Luambo na wenzake wakaanzisha OK Jazz, herufi mbili za kwanza zikitokana na jina la mwenye baa walimopiga, Oscar Kashama. Muziki wao ulikuwa na deni kubwa zaidi kwa Cuba kuliko kwa Marekani, lakini jina la jazi lilibaki kama nembo ya usasa.

Njia hizo mbili zilikutana ana kwa ana mwezi Oktoba 1960, Louis Armstrong alipozuru Leopoldville na kubebwa juu kwa juu na umati. Katika mwaka huohuo bendi ya Kabasele ilikuwa imetoa wimbo wa uhuru uliojulikana bara zima, Indépendance Cha Cha.

Kwa hiyo si kosa bendi ya benga kujiita jazi. Ni historia yake.

Rafu ya kwanza: jazi iliyokuwa hapa

Mahali pa kuanzia ni muziki wa Magharibi mwa Kenya wenyewe, kabla ya magitaa ya umeme. Abana ba Nasery, kundi la watu watatu kutoka Bunyore, walipiga magitaa makavu mawili huku wa tatu akikwaruza chupa ya Fanta yenye mistari ili kushika mapigo. Albamu yao Nursery Boys Go Ahead, iliyotolewa Uingereza mwaka 1992, ni mlango mzuri. Ya pili katika kundi hili ni Furaha Wenye Gita, mkusanyiko wa nyimbo za George Mukabi, bingwa wa mtindo wa omutibo aliyefariki mwaka 1963.

Katika omutibo, kidole gumba hushika besi na kidole cha shahada hupiga wimbo. Mtu mmoja anakuwa bendi nzima. Anayesikiliza kwa makini atagundua kwamba mpigaji harudii mstari uleule kwa namna ileile. Kila mzunguko una badiliko dogo. Hiyo ndiyo mbegu ya jazi ya aina yoyote.

Albamu ya tatu ni Benga Blast ya Daniel Owino Misiani na Shirati, iliyotolewa Uingereza mwaka 1989. Misiani alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, akafanya kazi yake Kenya hadi alipofariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Gitaa lake linadonoa nyuzi kama nyatiti ya Wajaluo, na msikilizaji wa Bungoma atasikia humo jambo lililo karibu na litungu la Wabukusu. Maneno ni ya Kijaluo, lakini mazungumzo ya gitaa na sauti hayahitaji mkalimani.

Ya nne inatoka Tanzania. Ujamaa, juzuu ya tatu ya mfululizo wa Zanzibara, ilitolewa mwaka 2007 na kukusanya nyimbo za bendi za dansi za miaka ya 1960. Pembeni yake iwekwe Masimango ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Mbaraka aliaga dunia katika ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, akiwa kijana bado, na gitaa lake la solo lingali kipimo cha wapigaji wengi.

Ya sita ni Francophonic, mkusanyiko wa kazi za Franco na OK Jazz ambao juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2008. Humo mna bendi ikikua kutoka kundi la vijana wachache hadi jeshi la magitaa na safu ya saksafoni na tarumbeta. Ya saba ni Virunga Volcano ya Samba Mapangala, Mkongo aliyehamia Nairobi miaka ya 1970 na kuimba Kiswahili kilichoeleweka kila mahali. Saksafoni za bendi hiyo ndizo daraja la kuvukia rafu ya pili.

Rafu ya pili: jazi iliyovuka bahari

Anayevuka kwa mara ya kwanza asianze na albamu ngumu. Ella and Louis ya mwaka 1956 ni sauti mbili, ya Ella Fitzgerald iliyo laini na ya Louis Armstrong iliyo kama changarawe, zikipokezana nyimbo za mapenzi mbele ya bendi ndogo ya Oscar Peterson. Nyumba yote inaweza kuisikiliza wakati wa chakula cha jioni bila mtu kunung'unika.

Kisha ifuate Kind of Blue ya Miles Davis. Ilirekodiwa New York kwa siku mbili tu, moja ya mwezi Machi na nyingine ya mwezi Aprili 1959, nayo ina vipande vitano. Wengi huambiwa kwamba ni albamu kubwa kuliko zote, wakaiogopa. Haina cha kuogofya. Badala ya kubadilisha sauti za msingi kila mara, Davis aliwapa wenzake ngazi chache za sauti na kuwaacha wakae hapo kwa muda mrefu, kila mmoja akitafuta njia yake.

Mtu wa Bungoma anaijua desturi hiyo. Mpigaji litungu ana nyuzi chache tu, na hana haja ya zaidi. Hukaa kwenye mzunguko mmoja, akaugeuza kidogo hapa, akachelewesha mdundo pale, huku wachezaji wakitikisa mabega kwa kamabeka. Utamu haumo katika kwenda mbali bali katika kulijua pahali pamoja kwa kina. Davis alifanya vivyo hivyo kwa tarumbeta.

Ya tatu katika rafu hii ni A Love Supreme ya John Coltrane, aliyepiga saksafoni pia katika Kind of Blue. Ilirekodiwa tarehe 9 Desemba 1964 na kutolewa mwaka 1965. Ni shukrani kwa Mungu iliyogawanywa sehemu nne, na inadumu zaidi kidogo ya nusu saa. Sehemu ya kwanza imejengwa juu ya sauti nne tu zinazorudiwa na besi, kisha na saksafoni, hatimaye na sauti za watu. Aliyewahi kukesha kwenye mkutano wa maombi, ambapo kibwagizo kimoja hurudiwa hadi kikageuka kuwa kitu kingine, hatashangaa.

Afrika Mashariki ndani ya jazi ya Marekani

Kuna albamu tatu za Marekani ambazo nyumba ya Kenya haifai kuzikosa, kwa sababu zinalizungumzia eneo hili lenyewe.

Ya kwanza ni Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa mwezi Novemba 1960, mwaka ambao nchi nyingi za Afrika zilijipatia uhuru. Maneno yake yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na Kiswahili kinasikika tangu mwanzo kwa sauti ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Sehemu yake ya kwanza inaitwa Uhuru Kwanza na ya mwisho Kucheza Blues. Weston alikusanya bendi kubwa ya zaidi ya watu 20, wakiwemo wapiga ngoma kutoka Nigeria na Cuba. Serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini iliipiga marufuku. Kiswahili kilichaguliwa kwa sababu si mali ya kabila moja, hoja ambayo Wakenya wanaielewa bila kufafanuliwa.

Ya pili ni Search for the New Land ya mpiga tarumbeta Lee Morgan, iliyorekodiwa mwezi Februari 1964, miezi miwili tu baada ya Kenya kujitawala. Kipande kimoja humo kinaitwa Mr. Kenyatta. Zaidi ya jina hilo, albamu hii ina gitaa la Grant Green, linalotamka kila sauti moja moja kwa uwazi. Kwa masikio yaliyolelewa na magitaa, huyo ni mwenyeji katika nyumba ya wageni.

Ya tatu ni Mwandishi ya Herbie Hancock, ya mwaka 1971. Hancock na wenzake walijipa majina ya Kiswahili: yeye akawa Mwandishi, mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson, ambaye alikuwa pia daktari, akawa Mganga. Majina yanachekesha na kugusa moyo kwa pamoja, maana yalikuwa njia ya Wamarekani weusi kuitafuta Afrika waliyonyimwa. Muziki wenyewe ni mgumu, wenye vinanda vya umeme na mapigo yasiyo ya kawaida. Hii inafaa kununuliwa mwisho.

Majirani wawili wa Kiafrika wanakamilisha rafu. Mannenberg ya Abdullah Ibrahim, iliyorekodiwa Cape Town mwaka 1974, ni wimbo mrefu unaozunguka kwa utulivu, na ulikuja kuwa wimbo wa waliokuwa wakihamishwa kwa nguvu makwao. Na juzuu ya nne ya mfululizo wa Éthiopiques, iliyotolewa mwaka 1998, inaonyesha jinsi Mulatu Astatke wa Ethiopia alivyozichukua ngazi za sauti za kwao na kuzivika mavazi ya jazi.

Hizo ni albamu 15. Asiyeweza kuzipata zote aanze na nne: Nursery Boys Go Ahead, Benga Blast, Kind of Blue na Uhuru Afrika. Zikisikilizwa kwa zamu kwa miezi mitatu, zitamwonyesha mwenyewe pa kuelekea.

Namna ya kusikiliza

Wanaolalamika kwamba jazi ya Marekani haina kichwa wala miguu mara nyingi hawajaambiwa kwamba ina vyote viwili. Karibu kila kipande huanza na wimbo uliotungwa. Baadaye kila mpigaji hupewa nafasi ya kubuni juu ya mzunguko uleule wa wimbo huo, na mwishoni wote huurudia pamoja. Aushikaye wimbo wa mwanzo akauimba kimoyomoyo wakati mwenziwe anabuni hatapotea.

Santuri za dansi za Afrika Mashariki nazo zina mpango wake. Kwa kuwa santuri ndogo haikuwa na nafasi ya wimbo mrefu, wimbo mmoja uligawanywa pande mbili. Upande wa kwanza ulibeba maneno na upande wa pili magitaa yakaachiwa uwanja. Ni ule upande wa pili, ambao wengi waliutumia kuchezea dansi tu, wenye ubunifu unaofanana zaidi na jazi ya Coltrane. Anayezihamisha santuri hizo kwenye kompyuta na kuuacha upande wa pili huwa ametupa nusu iliyo bora.

Gharama na vifaa

Mkusanyiko hauhitaji mashine ya thamani. Albamu ya dakika 45 iliyohifadhiwa kwa ubora mzuri huchukua takribani megabaiti 100, kwa hiyo diski ya flashi ya gigabaiti 16 inaweza kubeba albamu zaidi ya 100. Kwa ubora wa chini albamu hiyohiyo hushuka hadi megabaiti 40 hivi, lakini besi na matoazi hupoteza uhai wake. Ni heri kupakua mara moja kwa ubora mzuri kuliko kusikiliza kila siku kwa kula data ya simu.

Kilicho muhimu zaidi ni spika. Jazi ya aina zote mbili imesimama juu ya besi, na spika ya simu haiwezi kuitoa. Msikilizaji aliyeshindwa kuipenda Kind of Blue kwenye simu huenda hajapata kuisikia.

Santuri zilizo sandukuni

Linabaki suala la nusu iliyo hatarini. Kind of Blue haiwezi kupotea. Mkanda wake wa asili unatunzwa, nakala zake zimejaa duniani, na nyumba ya Bungoma ikiungua leo, albamu hiyo haitapungukiwa na kitu. Santuri ndogo ya bendi iliyopiga Kitale au Kisumu miaka 50 iliyopita ni jambo jingine. Nyimbo nyingi za namna hiyo hazikuwahi kukusanywa katika albamu yoyote, na nakala iliyo chini ya kitanda cha marehemu huenda ikawa miongoni mwa za mwisho.

Albamu za rafu ya kwanza zenyewe ni ushahidi. Nyingi zilitolewa Ulaya na Marekani na watu waliotafuta santuri za zamani wakazitengeneza upya. Zisizopatikana hazikutengenezwa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua albamu ya kwanza, mwenye nyumba afungue sanduku la wazee wake. Santuri zisimamishwe wima kama vitabu, wala zisilazwe moja juu ya nyingine. Zikae mbali na ukuta unaopigwa na jua na mbali na dari la mabati, kwa maana joto huzikunja na santuri iliyokunjika ni vigumu kunyooka. Msimu wa mvua ukungu huingia kwenye mifuko ya karatasi; ni afadhali mfuko wa zamani uhifadhiwe kando na santuri ipewe mpya.

Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini chenye maji safi kidogo, kwa kufuata mzunguko wa mistari. Santuri nzito za mizunguko 78 kwa dakika zisiguswe kabisa na spiriti, kwani huyeyusha utomvu uliozitengeneza. Pia zinahitaji sindano pana kuliko ile ya santuri za kawaida. Kanda za kaseti ziwekwe mbali na spika, ambazo sumaku zake hufifisha sauti.

Hatua ya pili ni kunakili. Mashine ya santuri iliyounganishwa na kompyuta inatosha. Nakala mbili zitengenezwe na kuwekwa nyumba mbili tofauti. Kunakili kwa ajili ya kuhifadhi nyumbani si sawa na kuuza; Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inawalinda watunzi na warithi wao, na anayetaka kuzitoa hadharani hana budi kutafuta ruhusa yao.

Hatua ya tatu haigharimu chochote, nayo ndiyo husahauliwa. Vibandiko vya santuri za zamani vilitaja bendi, wimbo na namba, lakini mara nyingi havikumtaja aliyepiga gitaa la pili au aliyekwaruza chupa. Majina hayo yamo vichwani mwa watu wenye umri wa miaka 70 na 80. Kijana aketi na mzee wake, aipige santuri, aulize nani anasikika, dansi hilo lilichezwa wapi na mwaka gani, kisha aandike majibu kwenye karatasi na kuiweka ndani ya mfuko wa santuri hiyo.

Wamarekani wanajua leo ni nani aliyepiga besi katika Kind of Blue, siku gani na katika chumba kipi, kwa sababu kuna aliyeandika. Jazi ya Magharibi mwa Kenya inastahili kuandikiwa vivyo hivyo, na kalamu ya kufanya hivyo iko nyumbani.